Hedifoni Zilizommeza Omwenga

Wimbo ulianza kwenye spika za makambi, mkutano wa kila mwaka wa Wasabato, na Omwenga hakuwemo.

Soprano walikuwemo, wamejaa tele. Alto walikuwemo. Lakini pale mwanzoni, ambapo wimbo mzima huanzishwa na sauti moja nzito ya mwanamume kabla wengine hawajafungua vinywa, kulitoka kitu kama mtu anayenong'ona akiwa ndani ya debe. Valentine alikuwa amesimama katikati ya hema na simu mkononi, tayari kurekodi. Akaishusha simu.

"Zima," alisema Mwalimu Celestine, mwalimu wa kwaya. Ni mama mfupi ambaye siku za kawaida hupiga kelele mpaka mistari ya noti inanyooka. Ukimsikia anaongea polepole, ujue mambo yameharibika. "Job, zima. Anza tena."

Job Nyangau, fundi wa sauti mwenye studio ya chumba kimoja pale Nyamira mjini, alianza tena. Debe likanong'ona tena.

"Sasa Omwenga yuko wapi?" Celestine akauliza.

Omwenga mwenyewe alikuwa mlangoni mwa hema, amebeba benchi begani. Ilikuwa Ijumaa mchana, siku ya maandalio, na wanaume wote wa kanisa walikuwa wakipanga viti kabla Sabato haijaingia. Yeye ni baba yake Valentine, Tata kama anavyomwita kwa Kikisii. Tangu Februari hasemi. Madaktari walimpasua kooni kuondoa uvimbe, uvimbe ukaenda na sauti yake. Nyumbani walishazoea: akigonga meza mara moja ni ndiyo, akigonga mara mbili ni hapana, na akinyamaza kabisa jitafutie kazi nje.

Ule wimbo ndio uliokuwa umebeba sauti yake ya mwisho. Siku chache kabla ya kulazwa alikwenda studioni kwa Job, Valentine akimsindikiza, akaimba sehemu yake ya besi peke yake. Wengine walirekodiwa baadaye. Miezi yote hiyo hakutaka kuisikia. Alieleza kwa mikono, mkewe akatafsiri, kwamba ataisikiliza siku moja tu, Sabato ya makambi, akiwa ameketi na watu.

Na sasa aliisikia Ijumaa, kwa bahati mbaya, na yeye hayumo. Aliliweka benchi chini taratibu, akaitazama spika kwa muda, akagusa kitambaa alichofunga shingoni. Kisha akatoka nje. Hakugonga kitu.

Afadhali angefoka. Afadhali angelipiga teke lile benchi.

"Hizi spika zenu ndizo mbovu," Job alisema haraka, huku akivua hedifoni zake shingoni. "Mwalimu, vaa hizi. Sikiza mwenyewe. Mzee yuko ndani, anatetemesha hata meno."

Celestine alivaa. Uso wake ukalegea kidogo. "Ee, hapa yuko. Yuko kabisa." Akazivua. "Weka wimbo mwingine kwa spika. Wimbo wowote ule."

Job akaweka wimbo wa kwaya nyingine, wa mwaka uliopita. Besi ikanguruma mpaka kamba za hema zikatikisika. Basi spika hazikuwa na kosa. Wakaujaribu wimbo wao kwenye redio ya gari la mchungaji: Omwenga hayuko. Wakaujaribu kwenye simu ya Celestine: hayuko. Katika kaunti nzima ya Nyamira, Omwenga alikuwa anaishi mahali pamoja tu, ndani ya zile hedifoni.

Hapo Valentine akaelewa, na alipoelewa alitamani ardhi ipasuke.

Maana zile hedifoni ni yeye aliyezileta. Ana kibanda cha vifaa vya simu Kisii mjini, na ana watu wengi sana wanaomfuata mtandaoni, kwa sababu ana uso mzuri na mdomo usiochoka. Kampuni moja ya huko mbali, inayoitwa Zumaro, ilimtumia hedifoni mbili za bure ili azisifu. Na jamani, lile sanduku! Jeusi, maandishi ya dhahabu, linafunguka polepole kama lango la tajiri. Ndani mlikuwa na karatasi ya maneno ya kusema: ati zimepimwa na masikio ya maprofesa, ati zinaleta muziki kama msanii alivyoukusudia. Na lile neno kubwa la mwisho, ambalo sharti alitamke akitabasamu: "Sikia kile masikio yako yamekuwa yakinyimwa!"

Valentine aliisema yote. Je, alikuwa amezisikiliza? Alizivaa, ndiyo. Zikampendeza. Video yenyewe aliirekodi studioni kwa Job siku ileile aliyomsindikiza baba yake, kwa sababu ukuta wa pale una rangi nzuri. Ikatazamwa na watu wengi ajabu. Hedifoni moja akabaki nayo, nyingine akampa Job, na Job akazitupa kwenye kona zile zake za zamani zilizofungwa plasta sikio moja, akavaa za maprofesa.

"Job," Valentine alisema. "Hizo hedifoni zinadanganya."

"Zinadanganya namna gani?"

"Zinaongeza mvumo zenyewe. Kila kitu ukiweka ndani kinavuma. Wewe ulisikia besi imezidi, ukapunguza. Ukasikia bado imezidi, ukapunguza tena."

Job alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Ngoja. Si ni wewe ulisema ndizo za kweli? Uliniambia hata wale wakubwa wa Nairobi wameachana na zile zingine. Nilikuuliza, Valentine. Nilikuuliza mara mbili!"

"Najua."

"Ukaniambia maprofesa!"

"Najua, Job! Nilisoma karatasi. Sikujua ninachosema. Unataka nilie hapa? Nitalia, lakini kwanza niambie, sauti ya Tata kabla hujaikata iko wapi?"

Job akakuna kichwa, na jinsi alivyokikuna Valentine hakuipenda. Laptopu ilikuwa imejaa. Rekodi za harusi za Agosti ni nyingi. Alipomaliza kuchanganya wimbo, akausikia mtamu kwa zile hedifoni, aliona hana haja tena na vipande vya mwanzo. Alifuta.

"Umefuta sauti ya baba yangu?"

"Kwa laptopu! Kwa laptopu nilifuta. Lakini ile kadi ya rekoda, ile ndogo, nilimpa mama watoto aweke kwa simu yake. Iko Nyakoe."

"Mpigie."

Alimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Valentine alitazama nje, akaona jua limeshaanza kuegemea upande wa Kisii na mawingu meusi yanapanda nyuma ya mashamba ya majani chai. Kwa Wasabato, jua likishazama Ijumaa kazi imekwisha, hakuna kujadiliana. Hata sufuria huoshwa mapema. Na Omwenga ni mzee wa kanisa.

"Washa pikipiki," alisema Valentine.

Wakashika njia ya Nyakoe. Job aliendesha kama anayefukuzwa, na Valentine nyuma yake alikuwa akihesabu dhambi zake kwa kila tuta. Aliwaza yale macho ya baba yake yakiitazama spika. Bila shaka alidhani wamemtoa. Bila shaka alidhani, kwa kuwa hasemi tena, wameona hata yale aliyowahi kuimba hayana kazi. Na asingeweza kuuliza. Hapo ndipo palipomuuma zaidi, kwamba hata kuuliza asingeweza.

Pam, mkewe Job, ni mtu wa upande wa ziwani aliyeolewa Nyakoe, na sokoni anauza omena, wale dagaa wadogo. Walimkuta akifunika mabeseni yake kwa nailoni maana mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

"Kadi?" alisema. "Ile ya kwa simu? Hiyo simu imenisumbua, wewe! Ilikuwa inakwama kila saa. Fundi wa hapo juu akaniambia imejaa, nifute kila kitu kwa kadi."

"Ukafuta?" Job na Valentine waliuliza pamoja.

"Nilifuta. Hata picha za harusi ya dada yangu nilifuta, na bado ananinunia."

Valentine alikalia ndoo iliyokuwa hapo. Mvua ilimpiga usoni na hakuifuta.

"Lakini yule mzee sikumfuta," Pam akaendelea, akikaza kamba ya nailoni.

"Mzee gani?"

"Si yule anaimba peke yake? Wa sauti nzito? Huyo simfuti. Huyo nikichambua omena asubuhi ndiye ananipa nguvu. Kikisii chenyewe sikijui vizuri, lakini ile sauti, aki ya Mungu." Alitoa simu kifuani, akaiwasha. "Nilikuwa nimezima nisimalize chaji. Sikiza."

Ile simu ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka, spika yake ndogo kama kifungo cha shati. Ikakwaruza. Kisha Omwenga akavuma kidogo, mmm, akitafuta noti kama alivyokuwa akifanya jikoni kila asubuhi tangu Valentine azaliwe, na akaanza kuimba. Alikuwemo. Alikuwemo mzima, na pumzi yake na yote. Hakuna profesa aliyempima.

Valentine alilia palepale katikati ya mabeseni, bila aibu. Wanunuzi wawili wakasogea pembeni.

"Zima," alisema mwishowe. "Zima, mama, Tata hajasikia. Sitaki nimtangulie."

Pam alimtazama. "Kwani wewe ndiwe Valentine?"

"Ndiyo."

"Aa." Akamtazama tena, na sasa kulikuwa na kitu machoni mwake ambacho Valentine hakukielewa. "Basi ungesikiza mpaka mwisho, dadangu."

"Hatuna muda. Jua linatuacha." Alichukua kadi, akaifunga kwenye leso, akaitia ndani ya nguo karibu na moyo, na tayari alikuwa amepanda pikipiki.

Mvua iliwakamata njiani ikawanyeshea vilivyo. Barabara iligeuka uji. Mahali fulani gurudumu la nyuma liliteleza wakaanguka mtaroni wote wawili, Job akachubuka goti, na Valentine kabla ya kujitazama yeye alipapasa leso. Ilikuwepo. Walipofika kwenye makambi, maji yakiwachuruzika, mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa magharibi na jua lilikuwa jekundu, limebaki kipande.

Watu walikuwa wanaingia hemani kuipokea Sabato, wamevaa safi. Omwenga alikuwa ameketi benchi la mbele na mkewe Edinah. Job aliruka hadi kwenye meza ya mitambo, akafungua laptopu, akawasha. Zile hedifoni za zamani za plasta alizipitia studioni, alikuwa amezivaa tayari.

"Nipeni saa moja," alisema. "Saa moja tu, nitamrudisha mzee mahali pake. Nitauchanganya wimbo upya."

Omwenga aliinuka. Alitembea hadi kwenye meza bila haraka, akauweka mkono wake mkubwa juu ya kifuniko cha laptopu, akakifunga. Akagonga meza mara mbili.

"Mzee," Job akasema, "mimi ni Mkatoliki. Sabato hainifungi mimi. Wewe kaa, nitakwenda kwangu, nitafanya peke yangu, hutahusika."

Mara mbili.

"Tata!" Valentine hakujali kwamba kanisa zima linamtazama, nywele zimemlowa na tope mpaka magotini. "Tata, ni sauti yako! Hatukukutoa. Ni makosa yangu, ni zile takataka nilizokuwa nikizisifu, ndizo zimekumeza. Sauti yako ninayo hapa. Mungu atakataa nini kwa saa moja?"

Omwenga alimwangalia binti yake kwa upole mwingi kuliko alivyostahili. Akagonga mara mbili, polepole, na Edinah akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wacha. Wimbo wa kumsifu Mungu hauwezi kuanza kwa kumkosea."

Nje, kile kipande cha jua kiliondoka.

Valentine alisimama akitetemeka, kwa baridi na kwa hasira. Hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani, kwa Zumaro, kwa Job, kwa jua, au kwa huyu mzee mkaidi. Mwishowe ilimrudia yeye mwenyewe. Kisha akafungua leso, akaitazama ile kadi.

"Basi tusichanganye," alisema. "Tuipige hivyohivyo. Tata peke yake."

"Hivyohivyo?" Celestine aliuliza. "Na sauti zingine?"

"Zingine si zina koo? Simameni muimbe wenyewe. Tata aanzishe kutoka kwa spika, nyinyi mumfuate."

"Hiyo haijafanyiwa kazi," Job alionya. "Ndani kuna kukohoa. Kuna kiti kinalia. Hata mimi sijaisikiza mpaka mwisho."

"Na haitungoji," Celestine akaongeza. "Mashine haingoji mtu. Tukipotea inaendelea na safari, tunaaibika mbele ya makambi yote."

"Kwa hivyo msipotee," Valentine alisema.

Wote walimgeukia Omwenga. Edinah akamgusa kiwiko. Ndipo kidole chake kikashuka juu ya kifuniko cha laptopu. Mara moja.

Asubuhi ya Sabato hema lilijaa mpaka watu wakakaa nje kwenye nyasi. Valentine aliketi ukingoni mwa benchi la pili. Kwaya ilisimama jukwaani. Mwisho wa safu ya nyuma, pale Omwenga alipokuwa akisimama miaka yote, waliacha nafasi wazi. Celestine aliinua mikono. Job akabonyeza.

Spika zilikwaruza. Mtu akakohoa. Mmm, ikavuma ile sauti, ikitafuta noti, na wanawake wazee wa mbele wakashika vifua vyao. Kisha Omwenga akaimba, na haikuwa ngurumo ya kutikisa meno. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka kidogo, yenye mkwaruzo pembeni, inayovuta pumzi, inayopanda mlima wake hatua kwa hatua. Soprano waliingia. Walichelewa kidogo, Valentine akafumba macho, Mungu wangu wanapotea, wanapotea, kisha Celestine akawavuta kwa mikono miwili wakampata, na alto wakampata, na wimbo ukasimama.

Alipofumbua macho, benchi la mbele lilikuwa na pengo. Omwenga alikuwa akipanda jukwaani. Alikwenda hadi kwenye nafasi yake safu ya nyuma, akageuka, akaufungua mdomo wake usio na sauti, na akaimba yote. Kila neno. Midomo yake na spika havikuachana hata kidogo.

Wimbo ulikwisha. Hakuna aliyesema amina, walikuwa bado wanavuta pumzi. Job, macho yamemjaa maji, alikuwa anapapasa kitufe cha kuzima na hakioni, na ndani ya spika ile siku ya Februari iliendelea. Kiti kililia. Hatua mbili. Halafu sauti ya Omwenga, sasa ya kuongea tu, kwa Kikisii cha nyumbani, ikajaa hema lote.

"Valentine, umesikia? Imetoka sawa?"



Na kutoka mbali, kutoka upande wa ule ukuta wenye rangi nzuri, ikajibu sauti ya msichana mchangamfu asiyemsikia mtu, masikio yake yamezibwa kwa hedifoni mpya: "Jamani wapenzi, sikia kile masikio yako yamekuwa yakinyimwa!"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Valentine aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Hakukumbuka kuulizwa. Hakuweza kukumbuka, maana hakusikia. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake, sauti inamwisha, akimuuliza swali, na yeye alikuwa anatabasamia simu.

"Valentine?" spika ikaita tena, chini zaidi. Kisha kimya. Mzee alikuwa akingoja jibu. Ulisikika mvumo mwembamba wa chumba kitupu, ukiendelea, ukiendelea.

Valentine alisimama. Alisimama mbele ya watu wote wale, akamtazama yule mzee wa safu ya nyuma.

"Nimesikia, Tata," alisema. "Imetoka sawa. Nimesikia."

Omwenga aliinama, akaunyosha mkono hadi kwenye ubao wa jukwaa, akagonga mara moja.